Nani Atasema Twende?

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikisomwa pamoja humtia mtu mashaka. Moja husema tahadhari kabla ya hatari. Nyingine husema mipango si matumizi. Ya kwanza inatuhimiza tujiandae. Ya pili inatukumbusha kwamba siku ikifika mambo hujiendea yenyewe. Nimeishi na methali hizi miaka mingi bila kuona ugomvi wowote kati yao, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2024 mkwe wangu aliponijia na daftari la mistari na kuniomba nimsaidie kuandika mpango wa kujifungulia nyumbani.

Alinichagua mimi kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na hapa kijijini kwetu, juu ya Tengeru kwenye mteremko wa Mlima Meru, mwalimu mstaafu ndiye mwandishi wa kila barua. Nimeandika barua za kuomba kazi, barua za posa na malalamiko ya mipaka ya vihamba. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuombwa kuandika juu ya jambo ambalo hakuna mwanadamu awezaye kuliamuru.

Jibu langu lilikuwa hapana. Nilimwambia, "Mwanangu, zama za kuzalia jikoni zimepita. Hospitali ipo pale chini, unaiona paa lake ukisimama mgombani." Nilimkumbusha hesabu ambazo mimi mwenyewe nilizoea kuwasomea wazazi kwenye mikutano ya kijiji. Utafiti wa taifa wa mwaka 1996 ulikuta kwamba katika kila vizazi 100 nchini Tanzania ni 47 tu vilivyotokea katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulikuta vimefika 81. Na vifo vya akina mama, vilivyokadiriwa mwaka 1996 kuwa 529 katika kila vizazi hai 100,000, vilikadiriwa katika utafiti wa mwaka 2022 kuwa 104. Nilidhani hesabu hizo zimemaliza mazungumzo.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hayo yote nayajua. Lakini pale nilipomzaa mtoto wa kwanza sirudi."

Hapo ndipo nilipopata habari ambayo kwa miaka mitatu hakuwa amemwambia mtu. Mwaka 2021 alijifungua salama, katika hospitali ambayo sitaitaja, na sisi sote tulimshangilia. Kumbe usiku ule alikuwa peke yake, kwa sababu msindikizaji alizuiwa mlangoni. Alipolia aliambiwa kwamba wakati wa kutafuta mimba hakulia. Alipoomba kuchuchumaa kama mwili ulivyomtaka, alipigwa kofi la paja na kuamriwa alale chali. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na ushei, mzima. Kwenye daftari la wodi kizazi kile bila shaka kiliandikwa kuwa cha kawaida.

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari ni hili: je, mwanamke ana haki ya kupanga kuzalia nyumbani, ilhali hatari ya uamuzi huo haimwangukii yeye peke yake, bali humwangukia pia mtoto ambaye hawezi kuulizwa?

Jawabu la haraka ni kwamba uhai hutangulia utu. Mtu aliyetukanwa atapona. Mtu aliyekufa hatapona. Kwa hiyo, vumilia tusi upate uhai. Nilikuwa nikifikiri hivyo, na naamini wauguzi wengi wema hufikiri hivyo wanapowaona wenzao wakikosea na kunyamaza. Lakini hoja hii ina kasoro. Inachukulia kwamba tusi na kifo vimekaa kwenye mizani siku moja, mwanamke achague. Mambo hayaendi hivyo. Tusi hutolewa mwaka 2021, na matokeo yake huonekana mwaka 2024, pale mwanamke yuleyule anapoanza uchungu usiku na kujiambia, "Acha nisubiri kidogo." Huo usubiri kidogo ndio unaoua. Kwa hiyo utu si pambo la kuvishwa uhai baada ya uhai kupatikana. Utu ni sehemu ya njia inayomfikisha mtu kwenye uhai, na anayeiharibu njia hiyo hawezi kusema kwamba yeye alijali uhai tu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa tamko mwaka 2014 dhidi ya udhalilishaji wa wanawake wanaojifungua katika vituo vya afya, na mwaka 2018 likahimiza kila mwanamke awe na msindikizaji amtakaye. Katika baadhi ya wilaya zetu, hata hivyo, dawa iliyotafutwa kwa wanaozalia nyumbani imekuwa ni faini. Faini inaweza kuwasukuma watu hadi mlangoni, lakini haiwezi kuyabadili yanayowangoja ndani.

Baada ya kusema hayo, ingekuwa rahisi kwangu kuigeukia nyumba na kuisifu. Wapo wanaofanya hivyo. Husema zamani mama alizaa akizungukwa na watu wake, jiko linawaka, mkunga wa jadi anamkanda mgongo kwa mafuta, na nje kondoo wa mzazi amefungwa tayari au mtori uko motoni. Hayo ni kweli, nami nimeyaona. Lakini yako mengine niliyoyaona.

Mwaka 1979, nikiwa nimeolewa miezi michache tu, mke wa shemeji yangu alijifungua nyumbani. Mtoto alitoka vizuri asubuhi. Kondo la nyuma halikutoka. Wakunga wawili wazee walifanya waliyoyajua. Kufikia saa sita mchana damu ilikuwa imelowesha kanga ya tatu. Mmoja wa wakunga alisema mgonjwa apelekwe hospitali. Hakuna aliyebisha, lakini hakuna aliyenyanyuka pia. Mwenye mke alikuwa ameenda mnadani na ng'ombe wawili. Baba mkwe alisema mwenyewe yuaja. Magari yalikuwa haba, petroli ilikuwa ya shida, na kukodi gari kulihitaji fedha ambazo zilikuwa mfukoni mwa huyo tuliyemngoja. Yeye mwenyewe mgonjwa aliomba mara mbili, kwa sauti ndogo, apelekwe. Alirudi mumewe magharibi. Tulimbeba kwa machela ya miti, naye akafia njiani.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa mwalimu, tena niliyefundisha somo la afya. Nilijua kwamba mtu hawezi kuishi bila damu. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa mgeni katika boma lile na haikuwa zamu yangu kusema. Kwa miaka arobaini na mitano nimekuwa nikijiambia kwamba aliuawa na kondo la nyuma. Wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilipokuja kusoma maneno hayo ukubwani nililifunga lile jarida, kwa maana huo wa kwanza niliujua kwa sura. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, umevaa koti, unaangalia barabara.

Basi nyumba nayo ina namna yake ya kumnyang'anya mwanamke kauli. Hospitali ilimnyang'anya mkwe wangu kwa kofi. Nyumba yetu ilimnyang'anya mwenzangu kwa heshima. Ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la mahali, yaani kitandani kwake au kitandani kwa serikali, linaficha swali lililo kubwa zaidi: mahali popote atakapokuwa, neno lake litakuwa na nguvu gani?

Nilimwambia nitamsaidia kuandika, kwa sharti kwamba tuandike kila kitu, na wote wanaohusika wawepo. Tulikutana Jumapili baada ya ibada: yeye, mwanangu, mimi, na bibi mmoja wa jirani ambaye amezalisha nusu ya kijiji. Bibi huyu alikuwa miongoni mwa wakunga wa jadi waliofundishwa na kupewa vifaa, wakati serikali ilipoamini kwamba mafunzo hayo yangepunguza vifo. Baadaye sera ikabadilika. Wakaambiwa kazi yao sasa ni kusindikiza, wasizalishe. Ameweka kile kisanduku chake mpaka leo.

Desturi hii ya kuandika mpango wa kuzaa ilienea Marekani tangu mwaka 1980, pale Penny Simkin na Carla Reinke walipotoa kijitabu cha kuwasaidia wazazi kueleza wanachotaka hospitalini. Wanawake wa huko waliandika kwa hofu ya kutendewa mengi mno: kuchomwa sindano wasizozihitaji, kukatwa bila kuulizwa. Sisi kliniki zetu humuuliza mjamzito atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, atasafiri kwa nini, ameweka akiba kiasi gani na nani atamchangia damu. Hayo huulizwa kwa hofu ya kutendewa machache mno. Karatasi ni ileile, hofu ni mbili. Mkwe wangu alikuwa na hofu zote mbili kwa pamoja, na nadhani wanawake wengi wa nchi yetu sasa ndipo walipo.

Tulianza na vitu. Wembe mpya, vibanio vya kitovu, glavu, mpira wa kutandika, kanga sita safi, maji yaliyochemshwa, taa ya betri. Hapo hapakuwa na ubishi.

Tukaja kwenye watu. Mkwe wangu alitaka bibi awepo. Mimi nilitaka awepo mkunga aliyesomea, mwenye sindano ya kuzuia damu. Mwanangu alikwenda kumwona mkunga mmoja mstaafu wa upande wa Usa River. Mama yule alikataa, na sababu zake zilikuwa za haki. Alisema mama akitokwa damu nyingi baada ya kuzaa, inaweza kuwa imebaki saa mbili tu kabla ya kufa, na sindano moja mkobani haitoshi ikiwa itahitajika damu ya kuongezwa au chumba cha upasuaji. Alisema angekubali kuja kama pangekuwa na gari uani, njia kavu, na wodi inayomngoja. "Nipeni hayo matatu," alisema, "nije."

Hatukuwa na hata moja. Nilimweleza mkwe wangu pia habari za utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011. Huko wakunga waliosomea huja nyumbani na gari la wagonjwa huitwa kwa simu. Hata hivyo, kati ya wanawake wenye mimba isiyo na matatizo waliopanga kuzalia nyumbani uzazi wa kwanza, karibu 45 katika 100 walihamishiwa hospitali; kwa waliokwisha kuzaa walikuwa kama 12. Maana yake ni kwamba kuzalia nyumbani, kule kunakofanywa kwa salama, ni kupanga vizuri namna ya kuondoka nyumbani. Ukiuondoa mpango wa kuondoka, kinachobaki ni kubahatisha.

Tuliendelea kuandika jioni tatu. Kila sharti la usalama tuliloliandika lilidai jingine, na kila moja lilielekea barabarani. Jioni ya tatu mkwe wangu alichukua kalamu mkononi mwangu, akakata neno "nyumbani" pale juu, akaandika: "Nitakaa nyumbani na bibi hadi nitakaposema. Nikisema, tunaondoka."

Lazima nikiri jambo hapa. Nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi kwangu. Je, nilimshawishi au nilimshinda? Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, na hesabu, na umri. Mwenye karatasi ana nguvu dhidi ya mwenye uchungu, na mtu anaweza kumwelekeza mwenzake kwa masharti mengi mpaka achoke. Nimelitafakari hili mara nyingi. Kinachonipa faraja kidogo ni kwamba masharti hayakuwa yangu. Yalikuwa ya damu na ya barabara, nayo yangekuwapo hata kama nisingeyaandika. Na kinachonipa faraja zaidi ni kwamba baada ya kukata neno lile hakunyamaza. Alitoa masharti yake, manne.

La kwanza, asiingie wodini peke yake. Tukazungumze na wahusika kabla ya siku kufika. Tulikwenda hospitali nyingine, si ile ya mwanzo, na mkuu wa wodi akakubali msindikizaji mmoja. La pili, asilazwe chali bila sababu anayoambiwa. La tatu, akirudi, akae kwake siku arobaini kama mzazi anavyopaswa, asiharakishwe. La nne ndilo lililotuweka kimya wote. Aliandika: "Nikisema twende, asiulizwe mtu. Si baba Neema, si mama."

Mama ni mimi.

Mwanangu alisema kwamba bila shaka atataka kujulishwa. Akajibiwa kwamba kujulishwa ni sawa, kuulizwa ndiko kusikokuwapo. Bibi alicheka. Mimi nilihisi kitu kikinikaza kifuani, na nitakiita kwa jina lake: kilikuwa ni kiburi. Nimemlea huyu mume wake, boma hili ni langu, na nimekuwa mkwe mwema kuliko wengi. Kwa nini jina langu litajwe kama kizuizi? Kisha nilikumbuka kwamba mwaka 1979 nao wazee wale walikuwa watu wema. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya mgonjwa. Wema wao haukusaidia, kwa sababu idhini ilikuwa mikononi mwao na wao hawakuwa wanaotokwa damu. Idhini ni kitu ambacho hata mtu mwema hapaswi kukishikilia kwa niaba ya mwingine katika saa kama ile. Nilitia sahihi. Mwanangu akatia. Fedha za gari ziliwekwa kwenye kopo kabatini kwake, si mfukoni mwa mtu. Namba ya dereva na namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito, ule wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ziliandikwa ukutani kwa chaki.

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makubwa, nanyi mnayakumbuka. Udongo wetu mweusi ukilowa huwa kama sabuni. Uchungu ulimwanza usiku wa mvua. Bibi alikuja, akamkanda, wakazungukazunguka chumbani, wakaimba. Alikaa nyumbani kwake saa kadhaa, kama alivyotaka. Kisha, akiwa bado anaongea vizuri na mimi nikiona ni mapema mno, alisema, "Twende."

Nilifungua mdomo kusema tusubiri mvua ipungue. Bibi alinitazama. Nikaufunga.

Mpango ulivunjika mara moja. Gari la dereva wetu halikuweza kupanda. Lilibaki chini kwenye lami. Vijana wa jirani wakambeba kwenye kiti cha mbao, mwavuli juu, tochi mbele, mwendo wa karibu saa nzima kwa njia ambayo siku ya jua ni dakika ishirini. Alijifungua hospitali kabla ya alfajiri, mtoto wa kike. Bibi alikuwa pembeni yake. Baadaye damu ilizidi kidogo, akachomwa sindano, ikakoma.

Watu hupenda niseme kwamba karatasi ile ilimwokoa. Sisemi hivyo, kwa sababu sijui. Huenda nyumbani pia damu ingekoma yenyewe. Wanawake wengi wamesubiri na wakapona, na hapo ndipo penye hatari: kila aliyesubiri akapona huwafundisha kumi kwamba kusubiri si neno, na yule aliyesubiri akafa hayupo tena kuwapinga. Kunusurika ni mwalimu mbaya. Kwa hiyo mpango usipimwe kwa matokeo yake tu. Upimwe kwa jinsi ulivyogawa neno: nani ana haki ya kusema, nani ana wajibu wa kutii, na kama hayo yalijulikana kabla ya saa yenyewe.

Kwa maana hiyo naona sasa kwamba methali zile mbili hazina ugomvi. Matumizi hayakuwa mipango: gari halikupanda, mvua haikusoma daftari letu. Lakini lile neno moja lilisemwa na likatiiwa. Mipango ya vitu huvunjika. Makubaliano ya watu yanaweza kusimama hata kwenye matope.

Je, mwanamke ana haki ya kupanga kuzalia nyumbani? Nilianza kwa kusema hapana, nami bado namwomba kila mjamzito wa kwetu ateremke hospitali. Lakini sina tena uso wa kumwambia hivyo mtu bila kwanza kumuuliza ni nini kilimfukuza huko, na bila kumuuliza mumewe na mama mkwe wake kama wametia sahihi. Mwezi uliopita jirani alikuja kuazima daftari ili anakili mpango wetu kwa ajili ya binti yake. Nilimpa orodha ya vitu. Ile kurasa ya pili sikumpa. Nilimwambia warudi wote, pamoja na mume wa binti, wakae wenyewe waiandike.

Hawajarudi bado. Kesho nitakwenda kuwaulizia.